SOMO LA AFYA: Uvimbe wa Figo kwa Watoto, na Jinsi Dawa Zake Zilivyojaribiwa

Mtu akitaja jina la Butare, hapana budi kumwuliza: Butare ipi? Yetu ni tarafa, ndiyo umurenge, katika wilaya ya Rusizi, nchi iliyoitwa Cyangugu zamani. Iko na Butare nyingine, ule mji wa kusini ambao sasa waitwa Huye, wenye hospitali kubwa ya kufundishia waganga. Tena iko Butaro, kwa herufi ya o mwishoni, kaskazini katika wilaya ya Burera, ambako mwaka 2012 kilifunguliwa kituo cha kutibu saratani, ugonjwa ambao wengine huuita kansa. Katika somo hili majina hayo matatu yatakutana, maana mtoto wa Butare yetu akipatwa na uvimbe wa figo, huenda safari yake ikapita Butare ile na kuishia Butaro.

Ndugu wasomaji, swali la somo letu ni hili. Kuna uvimbe wa figo unaowashika watoto wadogo. Katika Ulaya na Marekani, watoto tisa katika kila kumi wenye uvimbe huo hupona. Dawa zake zajulikana, na si dawa mpya. Mbona basi katika Afrika ya Mashariki watoto wengi wameupoteza uhai kwa ugonjwa huo huo? Ili kujibu, yatupasa kwanza tujue figo ni kitu gani, kisha tujue dawa ilivyopatikana na ilivyojaribiwa.

1. Kazi ya figo

Binadamu ana figo mbili, kwa Kinyarwanda impyiko. Zimelala nyuma ya matumbo, moja kila upande wa uti wa mgongo, karibu na mbavu za chini. Kila moja kwa mtu mzima ni kadiri ya ngumi yake, na ndani yake mna vichujio vidogo mno vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja vichujio hivyo huchuja maji kiasi cha lita 180 kutoka katika damu. Karibu yote hurudishwa mwilini. Yale yanayobaki, kiasi cha lita moja na nusu pamoja na taka za damu, ndiyo mkojo, nao hushuka kwa mirija miwili mpaka kibofu.

Jambo moja tulishike vema: mtu aweza kuishi na kufanya kazi kwa figo moja, ikiwa figo hiyo ni nzima. Kama isingekuwa hivyo, daktari asingethubutu kuiondoa figo yenye uvimbe.

2. Uvimbe wenyewe

Mwaka 1899 daktari mpasuaji wa Ujerumani, Max Wilms, aliandika kitabu kilichoueleza uvimbe huu, na tangu hapo jina lake limeushika. Huwapata hasa watoto ambao hawajatimiza miaka mitano, kiasi cha mtoto mmoja katika kila elfu kumi. Si ugonjwa ule ule wa figo unaowapata wazee. Saratani ya figo ya watu wazima ni nyingine, na matibabu yake ni mengine.

Chanzo chake ni chembe za figo changa, zile zilizopaswa kukomaa mtoto alipokuwa bado tumboni mwa mama yake. Nyingine hazikukomaa, zikaendelea kuzaana bila mpaka. Kwa hiyo si kosa la mama, wala si chakula kibaya, wala si uchawi wa jirani. Tena haumwambukizi mtu.

Aghalabu mama ndiye anayeuona kwanza. Anamwogesha mtoto, mkono wake unagusa kitu kigumu upande mmoja wa tumbo. Au suruali iliyomtosha mwezi uliopita sasa yambana kiunoni. Mtoto mwenyewe huenda anacheza na kula kama kawaida. Hapo ndipo penye mtego: kwa kuwa mtoto halii, watu husema ni minyoo, au ni bandama, au ni kunenepa tu. Miezi yapita, na uvimbe wakua.

Wengine hupata homa, maumivu, au damu katika mkojo. Juu ya damu hiyo yafaa tuseme neno. Kule Unguja, Pemba na pwani, kuna kichocho cha kibofu, na mtoto akikojoa damu watu hukifikiria kichocho kwanza. Lakini kichocho cha maziwa yetu ya Rwanda ni kile cha matumbo, ambacho dalili yake huonekana katika choo kikubwa, si katika mkojo. Kwa hiyo mtoto wa Rusizi akikojoa damu, tusijifariji kwa jina la kichocho. Apelekwe akapimwe.

Na uvimbe ukiisha kugunduliwa, tumbo lisikandwe wala kubonyezwa kila mara na kila mgeni. Uvimbe huo waweza kupasuka, na chembe zake zikamwagika tumboni.

3. Dawa kutoka udongoni na bustanini

Zamani tiba ilikuwa kisu peke yake. Daktari aliweza kuitoa figo, lakini watoto wengi walikufa baadaye, kwa kuwa chembe za ugonjwa zilikuwa zimekwisha safiri katika damu mpaka mapafuni. Ilihitajika dawa inayokwenda kila mahali damu inapokwenda.

Dawa ya kwanza ilitoka udongoni. Mwaka 1940, katika maabara ya Selman Waksman huko New Jersey, Marekani, ilipatikana sumu inayotengenezwa na vijidudu vya udongo, ikaitwa aktinomaisini. Waksman ndiye yule ambaye maabara yake ilitoa pia streptomaisini, dawa ya kifua kikuu. Katika miaka ya 1950 daktari Sidney Farber wa Boston aliwapa aktinomaisini watoto wenye uvimbe wa Wilms pamoja na kupasuliwa na kutibiwa kwa mionzi, naye aliona hata vivimbe vya mapafuni vikiyeyuka.

Dawa ya pili ilitoka katika ua. Ua hilo asili yake ni Madagascar, kisiwa ambacho wazee wa pwani walikiita Bukini, nalo hupandwa leo katika bustani nyingi za Afrika. Lina petali tano, rangi ya waridi au nyeupe. Katika miaka ya 1950 na 1960 wataalamu wa Kanada na Marekani walitoa katika majani yake dawa kadhaa, na mojawapo ni vinkristini. Wanafunzi wasidhani kwamba waweza kuyatafuna majani hayo wapone. Ni sumu, dawa hupimwa kwa miligramu, huchomwa katika mshipa, na ikikosewa huua.

4. Jaribio la haki ni lipi?

Kupata dawa ni jambo moja, kujua namna bora ya kuitumia ni jambo jingine. Je, apasuliwe kwanza au apewe dawa kwanza? Apewe kwa majuma mangapi? Hapa ndipo utafiti wa hospitali unapohitajika.

Tuseme daktari ana njia mbili, A na B. Akiwapa A watoto wenye nguvu na B watoto waliodhoofika, kisha A wakapona zaidi, amejifunza nini? Hakuna. Kwa hiyo watoto hugawanywa kwa kura, si kwa chaguo la daktari wala la mzazi, ili makundi yafanane. Kabla ya kura, wazazi huelezwa yote nao hukubali au hukataa kwa hiari. Baraza la watu wengine huukagua mpango. Kisha kila mtoto hufuatwa kwa miaka, na kila jambo huandikwa.

Kwa kuwa ugonjwa huu si wa watoto wengi, hospitali moja haitoshi. Marekani waliunganisha hospitali zao mwaka 1969. Ulaya walianza mwaka 1971, chini ya chama cha kimataifa cha madaktari wa saratani za watoto. Wamarekani huanza kwa kupasua. Waulaya huanza kwa dawa kwa majuma machache, uvimbe upungue na usipasuke mkononi mwa mpasuaji. Njia zote mbili zimefanikiwa. Kwa nchi zetu, ambako watoto hufika na uvimbe mkubwa, waganga wengi wameichagua njia ya dawa kwanza.

Tazameni sasa jambo la ajabu: majaribio makubwa ya baadaye hayakutafuta dawa zaidi, yalitafuta dawa pungufu. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2004, watoto 410 ambao uvimbe wao ulikuwa haujaenea waligawanywa kwa kura. Baada ya kupasuliwa, wengine walipewa dawa kwa majuma 18, wengine kwa majuma 4 tu. Wale wa majuma 4 hawakuwa na hali mbaya kuliko wenzao. Katika jaribio jingine, lililotangazwa mwaka 2015, watoto 583 wa nchi 26 walishiriki, ikaonekana kwamba wengi wao waweza kuachiwa dawa ya tatu, doksorubisini, ambayo huweza kuudhuru moyo. Huo ndio utafiti wa kweli: kumponya mtoto bila kumwumiza kupita lazima.

5. Daftari la Kenya

Sasa turudi kwenye swali letu. Madaktari wa Kenya walikusanya katika daftari moja habari za watoto waliotibiwa uvimbe huu katika hospitali nne, tangu Januari 2008 hadi Januari 2012. Walikuwa watoto 133. Nusu yao walipotea machoni pa madaktari: walikuja, wakaanza, kisha hawakuonekana tena. Watoto waliomaliza matibabu yote yaliyopangwa walikuwa 33 tu. Na katika hao 33, asilimia 94 walikuwa hai baada ya miaka miwili bila ugonjwa kurudi.

Asilimia 94! Hesabu hiyo yalingana na ya Ulaya. Ndizo dawa zile zile, na hospitali zetu wenyewe.

Lakini msomaji makini asimeze hesabu bila kutafuna. Mtoto aliyekufa mapema hakuweza kumaliza dawa, kwa hiyo kundi la 33 lilikuwa la wale waliokuwa na nguvu kiasi. Hatuwezi kusema kwamba kila aliyepotea angepona. Hata hivyo jambo moja lilijitokeza wazi: watoto ambao wazazi wao waliandikishwa katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Hospitali, uliokuwapo wakati ule, walielekea kumaliza matibabu zaidi, nao walikufa kwa uchache. Ugonjwa ni wa figo, lakini kilichowarudisha wengi nyumbani ni mfuko mtupu.

Tangu mwaka 2014 hospitali za nchi kadha za Afrika, Malawi, Ghana na Cameroon zikiwamo, zilishirikiana kujaribu dawa ya tatizo hilo. Zilikubaliana juu ya njia moja ya matibabu, zikawasaidia wazazi katika nauli na gharama. Walioacha matibabu walipungua kutoka asilimia 23 hadi 12, na waliomaliza wakiwa hai bila dalili ya ugonjwa waliongezeka kutoka asilimia 52 hadi 68. Nauli ya basi, basi, nayo ni sehemu ya tiba.

6. Kutoka Butare mpaka Butaro

Tuifikirie sasa safari ya mtoto wetu. Mama amegusa uvimbe. Amwite mjumbe wa afya wa kijiji. Kisha kituo cha afya. Kisha hospitali ya wilaya, Mibilizi au Gihundwe, apigwe picha ya altrasaundi. Kutoka hapo hupelekwa hospitali kubwa, ama Huye ama Kigali, na saratani ikithibitishwa aweza kupelekwa Butaro. Ni kuvuka msitu wa Nyungwe na kuikata nchi kutoka kona hata kona. Kituo cha Butaro kilianzishwa na Wizara ya Afya pamoja na wenzi wake, na mmoja wao ni chuo cha Boston chenye jina la yule yule Sidney Farber. Tena tangu mwaka 2019 tiba ya mionzi yapatikana Kigali, ambapo zamani mgonjwa alilazimika kutoka nje ya nchi.

Njia basi ipo. Lakini haiendwi mara moja tu. Huendwa na kurudiwa, majuma kwa majuma. Baada ya figo kutolewa, mtoto huonekana mzima kabisa, naye baba husema, "Amepona, twende tukalime." Saa hiyo ndiyo ya hatari. Chembe zisizoonekana bado zaweza kuwamo mapafuni, na dawa za mwisho ni kwa ajili yao.

Ninyi mliokwisha hitimu, wengi mmekuwa walimu, makarani, madereva na wenye maduka. Hakuna anayetakiwa kuwa daktari. Mwajiri aweza kumpa baba ruhusa ya siku tatu. Jirani aweza kulinda mbuzi na kulisha watoto waliobaki. Karani aweza kumkumbusha mzazi kulipa mituweli kabla ugonjwa haujabisha hodi. Ikiwa mtoto yuko katikati ya matibabu, mwulizeni mzazi tarehe ya kurudi hospitali, mkaiandike, na siku hiyo ikifika mkamwulize kama nauli ipo.

Maswali ya kujijaribu

1. Kwa nini daktari aweza kuitoa figo moja bila mtoto kufa?
2. Eleza kwa nini watoto katika jaribio hugawanywa kwa kura.
3. Mtoto wa Rusizi anakojoa damu. Jirani asema ni kichocho. Utamjibu nini?
4. Katika daftari la Kenya, kwa nini haifai kusema kwamba watoto wote 133 wangepona kama wangemaliza dawa?
5. Hesabu gharama za nauli ya mzazi na mtoto kutoka kijijini kwako mpaka Butaro, kwenda na kurudi, mara sita. Kisha taja watu watano wa kijiji chako ambao wangeweza kusaidiana kuilipa.