Karamu ya Maafisa wa Ununuzi: Nani Analipia Meza?

Vyama vya wataalamu vina desturi ya kuadhimisha miaka tangu viundwe kwa chakula cha jioni. Wanasheria hufanya hivyo, wahandisi hufanya hivyo, na wataalamu wa ununuzi wa umma vilevile. Wageni hualikwa kuzungumza, waliotumikia kwa muda mrefu hutuzwa, na chipukizi hupata nafasi ya kuketi na wakongwe wa taaluma. Tofauti moja ni kwamba katika karamu ya watu wa ununuzi, walioketi meza moja usiku huenda wakakutana tena asubuhi ofisini, mmoja akitafuta zabuni na mwingine akiwa ndiye anayeitathmini. Somo la toleo hili linaeleza manufaa ya karamu kama hizo, mpaka wake uko wapi, na hatua anazoweza kuchukua mkaazi anayeshuku kwamba mpaka huo umevukwa.

Kwa nini wataalamu hukutana

Nchini Kenya, taaluma hii inasimamiwa na Taasisi ya Usimamizi wa Ugavi, KISM, chini ya sheria iliyopitishwa mwaka wa 2007. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka wa 2015, iliyoanza kutumika Januari 2016, inataka shughuli za ununuzi katika kila taasisi ya umma, kaunti zikiwemo, zifanywe na wataalamu waliohitimu. Kazi hiyo haiishi kusomewa.

Ndiyo maana wazungumzaji wana umuhimu wao. Mkaguzi wa hesabu anaweza kueleza jinsi bidhaa zinavyolipiwa kabla hazijafika stoo. Wakili anaweza kuonyesha zabuni inavyobatilishwa kwa sababu ya kosa dogo la tangazo. Mhandisi anaweza kufafanua jinsi masharti ya kiufundi yakiandikwa vibaya yanavyofungia nje kampuni zote isipokuwa moja. Afisa akiondoka na mafunzo hayo, faida humfikia mgonjwa anayekuta dawa kwenye zahanati na mkulima ambaye barabara yake haibomoki mvua ya kwanza ikinyesha.

Mpaka uko wapi

Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Kifungu cha 76 nacho kinasema kwamba zawadi anayopewa afisa wa dola katika hafla ya umma au ya kikazi ni zawadi kwa Jamhuri, na inapaswa kukabidhiwa serikali isipokuwa pale sheria inaporuhusu vingine. Katika kaunti, maafisa wa dola ni pamoja na gavana, naibu wake, mawaziri wa kaunti na wawakilishi wadi.

Kwa upande wa zabuni, sheria ya 2015 ina makatazo yake. Muda wa kuwasilisha zabuni ukishapita, aliyeomba haruhusiwi kujaribu kushawishi tathmini. Habari za tathmini ni siri; hazifai kutolewa chemba wala mezani. Afisa mwenye mgongano wa maslahi haruhusiwi kushiriki katika ununuzi huo. Juu ya hayo, Sheria ya Hongo ya mwaka wa 2016 haizungumzii pesa taslimu peke yake, bali manufaa ya aina yoyote yanayotolewa ili mtu atekeleze kazi yake isivyofaa. Mwenye mamlaka anayejua au kushuku kwamba hongo imetolewa anatakiwa kuripoti ndani ya saa 24.

Kwa hiyo kula pamoja si kosa. Kinachotazamwa ni nani amelipa, anatarajia nini, na kama kuna zabuni iliyo wazi kati ya mwenyeji na mgeni wake. Wahenga walisema mla cha mwenziwe na chake huliwa. Kwenye ununuzi wa umma, hiyo "chake" si ya afisa. Ni ya wakaazi.

Meza ina bei

Kuna jambo lingine lisiloonekana haraka. Hafla nyingi hugharimiwa kwa kuuza meza na nafasi za ufadhili. Kampuni kubwa hununua meza nzima na kukaribisha maafisa. Kikundi cha akina mama kinachoshona sare, au vijana wanaotengeneza madawati, hawana uwezo huo. Sheria imetenga angalau asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Lakini ikiwa mahali pa kujuana na maafisa ni ukumbi wenye kiingilio, makundi hayo huanza mbio yakiwa nyuma, hata kama hakuna aliyevunja sheria. Dawa yake ni nyepesi: maelezo yoyote kuhusu zabuni yatolewe kwa waombaji wote kwa maandishi, wala yasibaki kwa waliokuwa karamuni.

Mataifa mengine nayo yamelazimika kuweka viwango. Marekani, ambako chama cha kitaifa cha wasimamizi wa kandarasi kiliundwa mwaka wa 1959, mfanyakazi wa serikali kuu kwa kawaida hawezi kupokea zawadi ya zaidi ya dola 20 kwa wakati mmoja kutoka kwa mtu au kampuni inayofanya biashara na idara yake, na jumla isizidi dola 50 kwa mwaka. Akialikwa bure kwenye mkutano mkubwa wa watu wa fani mbalimbali, anahitaji kibali cha idara yake. Sahani ya chakula nayo huhesabiwa.

Mkaazi afanye nini

Aliyeomba zabuni na kuona ametendewa isivyo haki ana siku 14 tangu kujulishwa matokeo, au tangu ukiukaji kutokea, kupeleka ombi kwa Bodi ya Mapitio ya Ununuzi wa Umma. Bodi hiyo hutoa uamuzi ndani ya siku 21. Siku 14 hupita upesi, kwa hiyo barua ya matokeo isomwe siku inapofika.

Mkaazi ambaye hakuomba zabuni pia hajafungiwa mlango. Taasisi inayonunua inatakiwa kubandika orodha ya kandarasi ilizotoa kwenye mbao zake za matangazo. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka wa 2016, raia anaweza kuomba taarifa na kujibiwa ndani ya siku 21. Akiwa na ushahidi wa hongo, anaweza kuripoti kwa Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi, EACC.

Maswali ya kujadili barazani

1. Kaunti ikigharimia maafisa wake kuhudhuria karamu ya taaluma, wakaazi wanapaswa kuonyeshwa nini kwamba waliporudi walikuwa na mafunzo?

2. Mwanakandarasi anayejenga soko la wadi akimlipia chakula afisa anayekagua kazi hiyo, ni nani anayeweza kupata hasara?

3. Vikundi vidogo vya hapa vinapata wapi habari za zabuni, na je, vinazipata siku moja na kampuni kubwa?