Usiiahirishe Noeli ya Mama

Mdogo wangu, barua yako niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza hapa mezani, mara ya pili kwenye ngazi za nyuma ya nyumba, zinazotazama Rwenzori, na mara ya tatu usiku umeme ulipokatika, kwa tochi ya simu. Umeniruhusu nikujibu hadharani mradi nisitaje jina lako. Basi nitakuita Masika, kwa sababu wewe ni binti wa kwanza, na kwetu Wakonzo zamu ya kuzaliwa ni jina tosha.

Wenzako wanaosoma wapate kuelewa: mama yenu ana saratani. Mwezi wa tisa madaktari walimruhusu arudi Bwera, na hawakuwaficha maana yake. Sasa mama anataka Noeli. Anataka nyumba ipambwe, dada yake avuke mpaka kutoka Kasindi, kwaya ya kanisani ije iimbe uani. Baba amekataa, anasema nyumba yenye mgonjwa haina sherehe. Shangazi ameongeza kwamba huo ni uchuro, ni kumuaga mtu angali anapumua. Mdogo wako wa miaka kumi na saba anajifungia chumbani na kompyuta ya kuazima, anatazama tamthilia ya Supernatural kutoka kwenye flashi, hataki hata kusikia neno Noeli. Kitinda mimba wa miaka minane anauliza kila siku kama mama atapona, na nyote mnamwambia ndiyo. Unaniuliza umsikilize nani.

Msikilize mama. Hilo nalisema mapema usije ukalitafuta hadi mwisho wa ukurasa. Lakini naomba nipitie kwanza kwa huyo wa chumbani.

Usimkemee kwa tamthilia yake. Najua mama hapendi kusikia mapepo yakipiga kelele usiku, na baba anadhani kijana ameingiwa na kitu kibaya. Mimi nimeitazama yote, kuanzia ya 2005 mpaka ilipofungwa 2020, misimu 15 na sehemu 327. Ndugu wawili, Dean na Sam Winchester, wanazunguka Marekani kwa gari jeusi aina ya Impala la mwaka 1967, wakiwinda mizimu na mapepo. Kwa hesabu yetu Wakonzo, Dean, mkubwa, ni Baluku na Sam, mdogo, ni Bwambale. Ukiyaondoa hayo mapepo, kinachobaki ni watoto wawili waliofiwa na mama, baba yao haonekani nyumbani, na mkubwa akawa mlezi akiwa bado anahitaji kulelewa. Kijana aliye na mama mgonjwa anajua anachokitafuta humo.

Kwa hiyo gonga mlango, umwambie akuwekee msimu wa 3, sehemu ya 8. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Desemba 13, 2007. Subirini mdogo alale kwanza, maana kuna ukucha unang'olewa pale na damu si kidogo. Kati ya sehemu zote 327, hiyo ndiyo ninayoirudia kila Desemba.

Hali ni hii. Dean amebakiza miezi michache tu ya kuishi. Sam aliuawa, na Dean akaitoa roho yake kwa pepo wa njia panda ili mdogo wake afufuke, akapewa mwaka mmoja. Noeli inapokaribia, Dean, ambaye hajaitaja kwa miaka, anasema anataka Krismasi: mti, chakula, zawadi. Sam anakasirika. Anaona hawezi kuketi akinywa na kucheka, akijifanya hakuna jambo, wakati anajua fika kwamba Krismasi ijayo kaka yake atakuwa kaburini.

Masika, huyo Sam ndiye mdogo wako mliyemwona ana roho ngumu. Hamchukii mama, wala haichukii Noeli. Anaogopa kwamba akikubali kupamba nyumba atakuwa amekubali kwamba hii ndiyo ya mwisho.

Mauaji yanayochunguzwa humo sitayasimulia sana. Watu wanavutwa juu kupitia bomba la moshi usiku, na wauaji ni mzee na mkewe wapole mno, wenye nyumba inayometameta taa, kumbe ni miungu ya kale iliyoachwa na waumini wake. Hapo sikubaliani sana na waandishi. Sisi tunaoishi chini ya theluji ya Rwenzori, ambako wazee wanasema ndiko anakokaa mungu Kithasamba, hatukufundishwa kwamba kila kilichoabudiwa kabla ya misheni lazima kiwe kinakula watu. Lakini si hilo ninalolirudia kila mwaka.

Ninachokirudia ni chumba cha moteli, mwishoni. Dean anafungua mlango na kukuta Sam amepamba. Mti upo, na juu yake vimetundikwa vile vibao vya manukato ambavyo madereva huning'iniza kwenye kioo cha gari. Kuna kinywaji cha maziwa na mayai kilichokolezwa pombe. Zawadi wamezinunua kituo cha mafuta, kila mmoja kwa siri yake: Dean anapewa mafuta ya injini ya gari lake na chokoleti yake. Basi. Wanakaa. Sam anamwita kaka yake kwa jina, unaona anataka kusema neno, linamkwama, mwishowe anamuuliza kama angependa watazame mpira. Dean anakubali. Kamera inatoka nje, theluji inalifunika gari, na dirishani taa zinawaka.

Nilikitazama kipande hicho mara ya kwanza miaka miwili baada ya kumzika baba yangu, na nililia mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Baba aliugua ini. Ile Desemba ya mwisho aliniambia, "Mwanangu, nataka samaki wa Katwe, wa kuchemshwa, na bundu laini, tule uani sote." Si zaidi ya hapo. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa nyumbani, mimi ndiye niliyeshika pesa. Nilimwambia apumzike kwanza apate nguvu, tutakula vizuri Pasaka. Nilidhani namtunza. Alinitazama, akavuta shuka mpaka kidevuni, akasema, "Haya." Februari tulimpeleka kaburini, na siku ya matanga samaki walikuwapo, sufuria tatu, wakaliwa na watu ambao hata majina yao sikuyajua. Hilo "haya" lake ninalisikia mpaka leo. Ndiyo maana nimekujibu siku hiyohiyo barua ilipofika.

Kuhusu uchuro, mwambie shangazi kwa heshima, ukimshika mikono, kwamba kifo hakingoji kuitwa na puto. Bwera na Mpondwe mnalijua hilo kuliko mtu yeyote. Usiku wa Juni 16, 2023, waasi walipovamia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, waliuawa watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Hakuna mzazi aliyekuwa amefanya sherehe ya kuaga. Desemba iliyofuata palikuwa na nyumba huko kwenu zenye sahani iliyozidi mezani. Waulize akina mama wale kama wangekataa kupewa sikukuu moja zaidi, hata wakijua ni ya mwisho. Ninyi mmepewa.

Baba yako naye usishindane naye mbele ya watoto. Mwanamume anayesema "hakuna sherehe" mara nyingi anaogopa kulia mbele ya wageni. Mpe kazi ya mikono: akakate tawi la msaiprasi, akalisimamishe kwenye debe la mchanga. Mwache afanye polepole.

Sasa yule wa miaka minane. Rudini kwenye sehemu ileile ya 8, kuna kumbukumbu ya mkesha wa Krismasi ya 1991. Sam ana miaka minane, sawa na wenu, Dean ana kumi na miwili. Wako peke yao motelini, baba ameahidi kurudi. Mtoto ana zawadi ya baba aliyoifunga kwa karatasi ya gazeti. Anauliza baba hufanya kazi gani hasa, Dean anamkaripia na kumdanganya. Kumbe mtoto amekwisha kulisoma daftari la baba, anajua kila kitu, anangoja tu mtu wa kumthibitishia. Dean anapomwambia ukweli analia mpaka analala. Alfajiri baba hajafika. Dean amekwenda kuiba zawadi nyumba ya jirani ili kumficha aibu baba, mtoto anafungua, anakuta mwanasesere wa kike. Anaelewa. Anachukua ile zawadi ya gazeti na kumpa kaka yake badala ya baba. Ndani ni kidani, na Dean anakivaa palepale.

Kitinda mimba wenu naye amekwisha kulisoma daftari. Ameona mama anavyobebwa kwenda msalani. Anapouliza kama mama atapona na mkamwambia ndiyo, anajifunza kwamba katika nyumba hiyo hakuna wa kumweleza ukweli. Mwambieni kabla ya sikukuu, si siku yenyewe. Mama akiweza, aseme yeye, na wewe ukae karibu. Maneno yawe machache: mama ana ugonjwa ambao madaktari wameshindwa kuuondoa, tutakuwa naye kadiri Mungu atakavyotujalia, na hakuna alichofanya yeye mtoto kilichouleta. Hilo la mwisho msilisahau. Watoto hujilaumu kimyakimya. Atalia. Mwacheni alie, kisha mpeni jambo la kumfanyia mama, kama yule mwenye zawadi ya gazeti.

Nawe usijaribu kuwa Dean wa kuiba zawadi usiku ili nyumba ionekane imekamilika. Najua Masika wa nyumba anavyofanya: anakopa, anaficha, anatabasamu. Usikope. Mama hakuomba ng'ombe.

Kuna jambo moja tu ambalo lazima liwe tayari mapema, nalo ni dawa ya maumivu. Mgonjwa mwenye maumivu hana sikukuu. Uganda iliruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliofunzwa kuandika mofini tangu 2004, na kazi hiyo ilitiwa nguvu na Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na Daktari Anne Merriman mwaka 1993. Mofini ya maji mgonjwa huinywea nyumbani. Msiogope kwamba itamuua. Ikitumiwa kama ilivyoandikwa, inampa nafasi ya kuketi na watu. Nenda Hospitali ya Bwera au Kagando wiki mbili kabla, uulize wauguzi wa huduma shufaa, uhakikishe chupa itavuka Mwaka Mpya, maana siku za sikukuu utakuta madirisha ya dawa yamefungwa. Uliza pia dawa ya kulainisha choo, kwa sababu mofini hufunga tumbo na wengi hawaambiwi.

Kwaya iimbe nyimbo tatu, isizidi. Mama mdogo wa Kasindi aje tarehe 23, kabla mpakani hakujajaa. Wageni waje asubuhi mama akiwa na nguvu, saa sita waondoke mbaki wenyewe. Mkeka utandikwe chini ya mwembe, au mlango wa chumba chake ufunguliwe na sherehe imfuate kitandani. Akila vijiko viwili, msimlazimishe cha tatu.

Jioni, wageni wakishaondoka, mtakuwa mmekaa na mtatamani kumwambia mambo makubwa. Likija neno, liseme. Lisipokuja, muulize kama angependa kusikiliza redio, ukae karibu naye.

Na mdogo wako wa chumbani, mkishamaliza kutazama, usimuulize amejifunza nini. Muulize tu nani atatundika taa, kisha umpe zile waya.