Mapenzi ya mifugo yasikuletee maradhi

Mkaazi wa Nairobi anaponunua ploti huko Kinanie, katika eneo la Mavoko, Kaunti ya Machakos, aghalabu huanza na tangi la maji, kisha nyumba, kisha mbwa wa kulinda. Baada ya mbwa huja kuku, halafu mbuzi wawili watatu, na hatimaye ng'ombe wa maziwa. Kabla ya mwaka kwisha kila mnyama ana jina lake, na watoto wakifika Jumamosi, jambo la kwanza ni kumkumbatia mbwa na kumbeba mwana-mbuzi.

Si vibaya kuwapenda wanyama. Kazi ya boma hunyoosha viungo, huondoa mawazo ya ofisini na huwafunza watoto huruma. Hata hivyo, yafaa msomaji ajue kwamba takriban maradhi 6 kati ya kila 10 ya kuambukiza yanayojulikana kwa binadamu yaweza kutoka kwa wanyama. Tena mnyama anayetuambukiza mara nyingi si yule wa porini tunayemwogopa, bali ni huyu wetu tunayemwamini. Yeye ndiye tunayemwacha atulambe, tunayekunywa maziwa yake yangali na joto la kiwele, na tunayemzalisha kwa mikono mitupu.

Leo tutazifuata kazi za mfugaji mdogo, tangu alfajiri hadi jioni, tuone ni wapi maradhi hupenya na jinsi ya kuyazuia bila kupunguza mapenzi.

Alfajiri: wakati wa kukama

Kabla ya kukama, nawa mikono kwa sabuni, osha kiwele kwa maji ya vuguvugu na ukipanguse kwa kitambaa safi. Kamua matone ya kwanza katika kikombe uyatazame. Yakiwa na mabonge au damu, ng'ombe huyo ana ugonjwa wa kiwele na maziwa yake hayafai. Akitibiwa kwa antibiotiki, yamwage maziwa yake kwa siku zote alizotaja daktari wa mifugo. Dawa iliyomo ndani yake yaweza kumdhuru mtu asiyepatana nayo, na huzifanya bakteria kuwa sugu.

Ugonjwa wa kuangaliwa sana hapa ni bruselosi, ambao watu wengi huuita brusela. Jina hilo latokana na David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza aliyegundua vijidudu vyake katika kisiwa cha Malta mwaka wa 1887. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua vilikotoka, mpaka mwaka wa 1905 daktari wa huko, Themistocles Zammit, alipovipata katika damu ya mbuzi waliokuwa wakikamwa kila siku. Mbuzi hao walionekana wazima kabisa! Wanajeshi walipokatazwa maziwa ya mbuzi mwaka wa 1906, ugonjwa huo ulipungua sana miongoni mwao.

Somo hilo la Malta lingali na maana Kinanie. Mnyama mwenye brusela aweza kuwa mnene na mwenye maziwa tele, huku kila kikombe kibichi kikibeba vijidudu.

Mtu aliyeambukizwa hupatwa na homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na mgongo, na uchovu usiokwisha. Mwanamume aweza kuvimba korodani, na mwanamke mja mzito aweza kuharibu mimba. Kwa kuwa dalili hizo hufanana na za malaria na za homa ya matumbo, wagonjwa wengi hutibiwa maradhi hayo mara mbili tatu bila nafuu. Kwa hiyo, ukienda kwa daktari na homa, usingoje kuulizwa. Mwambie kwamba unafuga, na kwamba ulikunywa maziwa mabichi au ulizalisha mbuzi.

Brusela hutibika, lakini kwa dawa mbili au zaidi zinazotumiwa kwa pamoja, kwa kawaida kwa wiki 6. Wengi huacha wiki ya pili kwa kuwa wamepata nguvu, kisha ugonjwa hurudi.

Kinga yake ni sufuria na moto. Chemsha maziwa mpaka yafurike. Maziwa lala nayo yatengenezwe kwa maziwa yaliyokwisha kuchemshwa, kwani kuganda peke yake hakuviui vijidudu hivi kwa hakika.

Asubuhi: mbwa anapofunguliwa

Ugonjwa wa pili ni mkali kuliko yote tutakayoyataja, nao ni kichaa cha mbwa. Dalili zikishamtokea binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini kabla ya dalili, ugonjwa huu huzuilika.

Nchini Kenya kichaa cha mbwa kiliripotiwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi. Machakos ni miongoni mwa sehemu ambazo kimekaa kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, akiwemo Dkt. Philip Kitala, waliwachunguza mbwa wa wilaya hiyo wakaona kwamba wengi wao ni wachanga na hawaishi miaka mingi. Maana yake ni kwamba mbwa waliochanjwa mwaka jana wengi wamekwisha kufa, na mahali pao pamechukuliwa na wengine wasio na kinga. Ndiyo sababu kampeni ya chanjo lazima irudiwe kila mwaka, na wachanjwe angalau mbwa 70 kati ya kila 100, ndipo ugonjwa ukatike. Mwaka wa 2014 serikali ilizindua mpango wa kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na Machakos ikawa miongoni mwa kaunti za kuanzia.

Mbwa wako achanjwe akiwa na umri wa miezi 3, kisha kila mwaka. Paka naye asisahauliwe. Usiseme, "Mbwa wangu hatoki nje ya ua." Mbwa wa jirani na mbweha huingia usiku, na ua wa senyenge hauwazuii.

Mtambue mnyama aliyeshikwa. Mbwa mpole huwa mkali ghafla, au mkali huwa mpole kupita kiasi. Sauti hubadilika, taya hulegea, na mate humtiririka. Ng'ombe au mbuzi mwenye kichaa huonekana kama aliyekabwa na kitu kooni. Hapa ndipo mwenye kumpenda mnyama wake hujiponza, kwani humtia mkono kinywani autafute mfupa usiokuwepo. Mnyama akitokwa na mate na kushindwa kumeza, usimguse kinywa. Mfunge mbali na umwite daktari wa mifugo.

Ukiumwa, ukikwaruzwa, au ukilambwa kwenye kidonda, fanya hivi:

Kwanza, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15. Tazama saa, maana dakika hizo ni nyingi kuliko unavyodhani. Usipake mafuta ya taa, pilipili wala majani.

Pili, nenda hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Piga simu kwanza uulize kama chanjo ipo, kwani si kila kituo huwa nayo. Chanjo hudungwa mara kadhaa kwa tarehe maalumu, na mwenye jeraha linalotoka damu huhitaji pia dawa nyingine ya kinga inayodungwa ndani na kando ya jeraha. Usiruke tarehe hata moja. Uliza pia habari ya sindano ya pepopunda.

Tatu, usikimbilie kumwua mbwa kama aweza kufungwa salama. Mbwa achunguzwe kwa siku 10. Akibaki mzima mpaka siku hizo ziishe, hakuwa akiambukiza alipouma, na daktari aweza kuisimamisha chanjo. Lakini usingoje siku hizo ndipo uanze kudungwa.

Wafunze watoto wako kusema. Mtoto aliyekwaruzwa na kijibwa anachokipenda huficha kwa kuogopa kwamba kitapigwa au kuuawa. Mwahidi mapema kwamba hataadhibiwa. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, watu 4 kati ya kila 10 wanaokufa kwa ugonjwa huu ni watoto wa chini ya miaka 15.

Mbuzi anapozaa

Hakuna saa ya furaha bomani kama hii, na hakuna saa ya hatari kwa mikono. Maji ya uzazi na kondo la nyuma la mnyama mwenye brusela hujaa vijidudu, navyo hupitia mchubuko mdogo tu kwenye ngozi, macho au pumzi. Vaa glavu ndefu na gambuti. Kondo na mimba iliyoharibika vizikwe kwa kina, na mbwa asipewe. Mwanamke mja mzito asizalishe mnyama wala asisafishe mahali alipozalia.

Mvua kubwa ikinyesha, jihadhari zaidi. Udongo mweusi wa nyanda za Athi hushika maji, na maji yaliyotuama huzalisha mbu. Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa karibu na Ziwa Naivasha mnamo 1931, huzuka baada ya mvua za namna hiyo, kama ilivyotokea nchini mwaka wa 1997 na tena 2006. Dalili yake bomani ni mbuzi na kondoo wengi kuharibu mimba kwa wakati mmoja na wana wao kufa. Ukiona hivyo, usichinje wala usiuze. Piga ripoti kwa daktari wa mifugo wa serikali.

Alasiri: dawa ya kupe

Dawa ya kupe ni sumu. Pima kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Anayepuliza avae nguo za mikono mirefu na kufunika pua na mdomo, asimame upande upepo unakotoka, na aoge baadaye. Kamwe dawa isihifadhiwe katika chupa ya soda, kwa maana mtoto mwenye kiu hawezi kujua. Mtu akianza kutokwa na mate na jasho jingi, kutapika au kuona ukungu baada ya kupuliza, mvue nguo hizo, mwoshe, na umpeleke hospitalini pamoja na chupa yenyewe.

Mwisho wa wiki: mbuzi wa kuchoma

Marafiki wakija na mbuzi akichinjwa, mbwa hungoja karibu. Ukiona vifuko vya maji kwenye mapafu au ini, usimtupie. Ndani ya vifuko hivyo mna vichanga vya tegu ambaye hukomaa tumboni mwa mbwa. Kisha mayai yake hutoka na kinyesi, hushika manyoya, na huingia kinywani mwa mtoto anayemkumbatia. Ndani ya binadamu huota uvimbe wa maji ambao huchukua miaka kuonekana, na mara nyingi huhitaji kupasuliwa. Turkana ni mojawapo ya sehemu zilizosumbuliwa sana na ugonjwa huo. Vizike vifuko hivyo au uvichome, na mbwa apewe dawa ya minyoo kama atakavyoshauri daktari wake.

Na mnyama aliyekufa ghafla, hasa akiwa na damu puani au nyuma, asipasuliwe wala asiliwe, hata kama hasara ni kubwa. Huenda ni kimeta, nacho huua watu pia.

Jioni, kila aliyegusa wanyama, mayai au samadi na anawe kwa sabuni kabla ya kula. Viatu vya bomani vibaki nje ya nyumba. Mama mja mzito amwachie mwingine kazi ya kuzoa kinyesi cha paka, kwa kuwa kina vijidudu viwezavyo kumdhuru mtoto tumboni.

Usimsahau anayebaki

Msomaji, wewe huenda ukaliona boma lako siku mbili kwa wiki. Kuna mtu anayekama, anayezalisha na anayemfungulia mbwa siku zote saba. Yeye ndiye atakayeumwa Jumanne usiku wewe ukiwa Nairobi. Je, ana glavu? Ana sabuni na maji ya kutosha? Anajua hospitali ya kwenda, na ana nauli na pesa za chanjo, au atangoja mpaka uje Jumamosi? Ng'ombe wako akiugua, bila shaka utamtafutia daktari usiku huo huo. Mtu huyu naye anastahili haraka hiyo.

Andika kwenye karatasi nambari ya daktari wa mifugo, ya hospitali na yako mwenyewe, uibandike mlangoni mwa nyumba yake. Mwachie akiba ya dharura, na umweleze waziwazi kwamba akiumwa hahitaji ruhusa yako ili aende.

Wapende wanyama wako na uwaite kwa majina. Lakini maziwa yachemshwe, mbwa achanjwe, mikono ivishwe glavu na jeraha lioshwe dakika 15. Kinga ni bora kuliko tiba, na kwa kichaa cha mbwa, dalili zikishatokea, hakuna tiba ya kutegemea.