Mkazo Baki katika Tando za Metali: Suala la Istilahi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza istilahi 'mkazo' jinsi inavyotumika katika taaluma mbili. Kwa mwanaisimu, mkazo ni nguvu ya utamkaji ambayo katika Kiswahili huangukia, kwa kawaida, silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa mwanafizikia, ni nguvu iliyomo ndani ya kitu kwa kila kipimo cha eneo. Hoja yetu ni kwamba neno hilo, likiachwa peke yake, humpotosha msomaji wa sayansi.

2.0 Mfano

Mhunzi wa Mbalibali, wilayani Serengeti, akitoa jembe motoni na kuliacha lipoe, magamba meusi hubanduka, kwani chuma husinyaa zaidi ya gamba lake. Ndivyo ilivyo pia kwa tando za metali zinazokinga mapanga ya tabini za injini za ndege. Kwenye nyuzijoto 1,100 za Selsiasi, oksijeni huotesha juu ya utando gamba jembamba la alumina. Wakati wa kupoa, kwa kila nyuzi moja, metali husinyaa kiasi cha sehemu 14 katika milioni, na alumina sehemu 8 tu. Gamba hubanwa, na mbano huo waweza kuzidi gigapaskali 3, yaani takriban mara 30,000 ya kanieneo ya angahewa.

3.0 Mjadala

Kitenzi 'kaza' humletea msemaji picha ya kamba ivutwayo. Mwanafunzi asomaye 'mkazo' atatarajia gamba lipasuke nyufa kwa kuvutwa, kumbe hubenuka na kubanduka kwa kubanwa. Aidha, kauli 'kupima mkazo' ina kasoro. Kinachopimwa kwa eksirei, kwa kufuata kanuni ya Bragg iliyochapishwa mwaka 1913, ni umbali baina ya safu za atomi. Mkazo wenyewe hukokotolewa kutokana na badiliko la umbali huo.

4.0 Hitimisho

Tunapendekeza 'mkazo' libaki neno la jumla, na chini yake ziwepo istilahi 'mkazo-mvuto' na 'mkazo-mbano'. 'Mkazo baki' uwe ule unaosalia ndani ya kitu ingawa hakuna nguvu ya nje inayokielemea. Mhunzi anajua kwamba gamba hubanduka. Istilahi zetu zisimfiche mwanawe sababu.