Kiwanda Kikitaka Kukuajiri Moja kwa Moja

Viwanda vya minofu ya sangara vya Mwanza haviwezi kulala bila ubaridi. Kompresa ikigoma saa nane za usiku na chumba kimejaa samaki, hakuna anayesubiri kukuche. Fundi atapigiwa simu mpaka apokee. Ndiyo maana fundi majokofu anayeijua mitambo yao, anayeingia kwa oda na kulipwa kwa kazi, ipo siku ataitwa ofisini, atapewa kiti na soda, kisha aulizwe: "Fundi, kwa nini tusikuajiri kabisa?" Wachomeleaji wa maboti na mafundi umeme wa hoteli nao wanalijua swali hilo.

Siku hiyo usijibu. Shukuru, omba masharti kwa maandishi, nenda nayo nyumbani.

Ukifika, shika daftari la kazi na meseji za malipo za miezi 12 iliyopita. Wengi hukosea hapa: huuchukua ule mwezi uliowanyookea, wakaulinganisha na mshahara, wakaondoka wanacheka. Weka na mwezi ambao sangara waliadimika, kiwanda kikafanya kazi nusu wiki, nawe ukashinda Igoma unatengeneza friji za soda za maduka. Toa nauli, gesi na vipuri ulivyonunua kwa fedha yako, ujira wa saidia fundi, na kodi ya mapato (ile asilimia 5 ya zuio ambayo kampuni hukata kwenye malipo ya huduma ni sehemu yake). Kinachobaki gawa kwa 12. Ukipata namba hiyo, kumbuka pia zile asubuhi ulizokaa kwa mhasibu ukaambiwa "njoo Ijumaa". Hazina risiti, lakini zilikula siku zako za kazi.

Sasa geukia mshahara. Tuseme wanakupa shilingi 1,000,000 kwa mwezi. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, itachukua 100,000. PAYE, yaani kodi ya mshahara, inapigwa kwenye 900,000 zinazobaki, nayo kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 ni 103,000. Mkononi utapokea 797,000. Mwajiri naye akitoa asilimia 10 yake, 200,000 zinaingia NSSF kwa jina lako kila mwezi. Fuatilia michango hiyo mwenyewe, maana kukatwa na kuwasilishwa ni mambo mawili. Mwajiri pia huchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi bila kukukata wewe, na kwa mtu anayefungua valvu za amonia hilo si jambo dogo. Fundi wa oda akiungua, hospitali anajilipia.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya siku 28 kwa mwaka, na ruhusa ya ugonjwa ya hadi siku 126 katika kila miezi 36: 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 za mwisho kwa nusu. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Lakini ile simu ya saa nane usiku itakuwaje? Ulipokuwa wa oda uliitoza bei yake. Ukiajiriwa, bosi anaweza kudhani imo ndani ya mshahara. Iandikwe kwenye mkataba, na kiasi chake kitajwe. Na uwe macho na cheo kitamu. Kanuni za saa za kazi haziwahusu wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa wakubwa wa juu. Ukiitwa "Meneja wa Matengenezo", yawezekana umepandishwa ili ukeshe bure.

Hiyo ajira ya "kudumu" nayo ina mipaka. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28. Lazima kuwe na sababu halali na utaratibu ufuatwe, ila kiwanda kuishiwa samaki au soko kunaweza kuwa sababu halali ya kupunguza watu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu, na aliyepanga maisha yake juu ya minofu akajua kwamba kazi yake inaamuliwa mbali sana na Mwanza. Ukipunguzwa, kiinua mgongo cha sheria ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Kwa mshahara wa milioni moja na miaka mitano ya kazi, ni kama milioni 1.3.

Hapo ndipo miaka yako ya oda inapokuwa na thamani, na ni wachache wanaoidai. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kuna walau dalili moja kati ya zilizotajwa: anapangiwa namna ya kufanya kazi au saa zake, anamfanyia mwenye kazi wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, anamtegemea kiuchumi, anapewa vifaa naye, au anamfanyia kazi yeye peke yake. Jipime. Kama umeingia geti lilelile kila siku kwa miaka minne, ukitumia spana zao, mwombe mwajiri aandike kwamba utumishi wako unaanza tangu wakati huo. Sema kwa upole, kabla ya kusaini. Ukishasaini mkataba unaoanza leo, kuirudisha miaka hiyo itakuwa kesi.

Maoni yangu: kama sehemu kubwa ya kipato chako inatoka kiwanda hicho kimoja, ajira inakufaa, kwa sababu hatari ya kumtegemea mmoja umeibeba tayari, tena bila kinga. Kama una wateja sita wa maana, kataa kwa adabu na upendekeze mkataba wa matengenezo wa mwaka: malipo maalumu kila mwezi, idadi ya ukaguzi, dharura za usiku kwa bei yake, gesi na vipuri juu yao, na siku ya mwisho ya kulipa ankara. Walichokuwa wanatafuta mara nyingi ni uhakika kwamba utapokea simu.

Ukikubali kuajiriwa, usiwaage wateja wako wote wiki ya kwanza. Mwenye chini ya miezi sita kazini hawezi kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) kulalamikia kuachishwa isivyo haki. Omba ruhusa ya maandishi ya kuwahudumia wikendi, au wakabidhi kwa fundi mwenzako unayemwamini. Ukiamua kufunga biashara, wataarifu Mamlaka ya Mapato (TRA), la sivyo makadirio yataendelea kuja.

Na vifaa. Geji, pampu ya kunyonyea na mtungi wako wa gesi viorodheshwe kwa namba zake siku unayoviingiza, karatasi isainiwe na mtunza stoo, nakala ibaki kwako. Askari wa getini hajui spana ipi ni ya kiwanda na ipi ulikuja nayo.