Rangi Ziko Chini: Ninavyookota Mawazo ya Kuchora Hapa Kamatanda

Kazi yangu ni kuandika vibao na kupaka kuta. Saluni, duka la simu, mama anayeuza bukari na samaki: wote huleta maneno yao tayari, lakini rangi wanakuachia wewe. Hapo ndipo vijana wanaojifunza kwangu wanapokwama. Wakikwama hufungua simu, hutafuta vibao vya miji ya mbali, wakaiga. Mimi huwakataza, na sababu yangu iko chini ya miguu yao. Kamatanda, mtaa wetu hapa Likasi, ni ardhi ya shaba. Watu wamechimba huku tangu zamani na bado wanachimba kwa mikono, na kila shimo limetupa nje rangi ambazo mchoraji wa kwingine angezilipia.

Kwa hiyo anza kwa kutazama chini. Chukua kijani. Jiwe la malakite lina kijani nyingi zilizopangwa mistari kwa mistari, nyingine karibu nyeusi, nyingine nyepesi mno, kwa sababu madini yalijijenga tabaka juu ya tabaka. Ukitaka kujifunza kuweka rangi moja kwa ngazi, mwalimu ni jiwe hilo. Mara nyingine linakuwa na azurite, buluu nzito, na rangi hizo mbili hazigombani hata kidogo. Kisha kuna heterojenite, jiwe jeusi lisilo na mvuto wowote. Hilo ndilo lenye kobalti, na wanunuzi wanalipapatikia kuliko la kijani. Mimi nalipenda kwa sababu nyingine: liweke kando ya malakite uone kijani inavyoamka. Tangu nilipoliona hilo, herufi zangu za kijani zina ukingo mweusi, na zinasomeka toka ng'ambo ya barabara.

Mji wetu hata una madini yenye jina lake. Yanaitwa likasite, yaliyoelezwa na wataalamu mwaka 1955 kutoka mgodi wa Likasi, na rangi yake ni buluu ya anga.

Lakini sikiliza vizuri: mawe ni ya kutazama. Usiyasage upate rangi. Vumbi la shaba na kobalti si la kuingia kifuani, na wale wanaochonga malakite kwa ajili ya mikufu na visanduku wanajua kwamba jiwe hukatwa likiwa limeloa maji. Na ukikuta jiwe la njano kali au la chungwa, liache lilipo, hasa likitoka upande wa Shinkolobwe. Mgodi huo uko karibu na Likasi, na urani yake ilitumiwa na Marekani kutengeneza mabomu ya atomiki ya mwaka 1945. Njano yake inapendeza kweli. Iache.

Rangi ya kushika kwa mkono tafuta kwenye kichuguu. Katanga ina vichuguu virefu kuliko nyumba, na udongo wake ndio tunaofyatulia matofali. Mababu waliujengea hata tanuru za kuyeyushia shaba. Chagua kichuguu kilicho mbali na mahali wanapooshea madini. Twanga udongo, uloweke kwenye ndoo, koroga, halafu usubiri kidogo mchanga uzame. Yale maji mazito ya juu yamimine kwenye ndoo nyingine kupitia kitambaa, uyaache yatulie mpaka kesho yake. Mwaga maji yaliyojitenga, anika tope lililobaki. Ukichanganya unga huo laini na gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, una rangi. Uji wa muhogo nao unashika, ila msimu wa mvua huota ukungu. Udongo wa vichuguu viwili tofauti utakupa hudhurungi mbili tofauti, na makaa yaliyosagwa yatakupa nyeusi. Ukutani ndani ya nyumba rangi hii inakaa vizuri. Nje mvua itaiosha, kwa hiyo kwa kibao cha barabarani nenda dukani na kipande chako kilichokauka, uchanganye rangi ya kopo mpaka ifanane nacho.

Baada ya jicho, mkono. Uso wa kitu husema mambo ambayo rangi haisemi. Waluba, majirani zetu wa kaskazini, walikuwa na lukasa, ubao wa kumbukumbu uliopambwa kwa shanga na makombe. Mjuzi wa chama cha Mbudye aliushika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha kulia juu ya shanga, na historia ya wafalme ikatoka mdomoni mwake. Aliisoma kwa kugusa. Zoezi langu limetoka humo: weka karatasi juu ya ukuta wa matofali, gome la mti, mfuko wa makaa au kifuniko cha sufuria kilichobonyea, kisha sugua kwa kipande cha kaa. Nakshi yenyewe itatokea. Ninazo karatasi za namna hiyo rundo zima, na mandhari za vibao vyangu nyingi zimetoka humo.

Sasa wazee wa kazi. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji Lubumbashi, wakati huo ikiitwa Élisabethville. Watu waliiita Hangar. Hakutaka wanafunzi wake waige Wazungu. Aliwataka wachore walichokijua. Bela alipaka kwa ncha za vidole. Mwenze Kibwanga alijenga watu na wanyama kwa vistari vifupi vilivyopangana. Pilipili Mulongoy alijaza ndege, samaki na majani mpaka pembe zote zikashiba. Tazama kazi zao, hata kwa picha tu, utaona kila mmoja alikuwa na alama yake moja ndogo, akairudia bila kuchoka. Basi chagua alama yako, nukta, kistari au alama ya dole gumba, ujaze nayo karatasi nzima bila kuchora kitu chochote. Vijana hulalamika kwamba inachosha. Ndiyo, inachosha, na kwa maoni yangu hakuna zoezi linalozidi hilo.

Miaka ya 1970 wachoraji wa Katanga walikuwa wakipaka juu ya kitambaa cha mifuko ya unga, wakauza picha za mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, na za ukoloni kwa watu wa kawaida waliozitundika sebuleni. Mmoja wao, Tshibumba Kanda-Matulu, alichora historia nzima ya nchi katika picha mia moja hivi, zilizochapishwa mwaka 1996 katika kitabu cha Johannes Fabian. Anayeniambia hana turubai namkumbusha mifuko hiyo.

Hata kutu ina kazi. Mpiga picha Sammy Baloji wa Lubumbashi, mwaka 2006, alibandika watu wa picha za kale za mgodini juu ya picha za majengo yaliyochakaa ya kampuni ya madini ya Gécamines. Tangu nizione, sipiti kwenye viwanda vya Shituru hapa Likasi nikiangalia barabara tu. Bati lililoliwa na kutu lina rangi ya chungwa, kahawia na zambarau kwa pamoja.

Halafu usiache Septemba ikupite. Mvua haijaja, vumbi kila mahali, lakini miti ya msituni huanza kutoa majani mapya mekundu, kabla hayajawa kijani. Katika daftari langu siandiki "nyekundu" tu. Naandika "jani la Septemba", "kichuguu kilicholoa", "kutu ya bati", na pembeni nabandika kipande cha kikwembe nilichoomba kwa fundi cherehani. Mteja akija naye hajui anataka nini, namfungulia daftari. Achague rangi tatu, asizidishe. Ya nne huharibu kibao, na hilo sibishani na mtu.

Kama uko Likasi, kesho kabla ya kufungua simu leta udongo wa vichuguu viwili na kitambaa cha kuchujia. Brashi tutaazimana.