Kutoka Makambako hadi Liuli: Kusaka historia ya meli za Ziwa Nyasa kwa GPS

Kwa anayetoka Dar es Salaam, Makambako ndipo barabara inapogawanyika: mbele Mbeya, kushoto Njombe na Songea. Wageni wengi wanaoshika hii ya kushoto huishia Njombe mjini, kwenye chai, parachichi na maporomoko ya mto Ruhuji. Ukiendelea, utapita Songea na Mbinga, uteremke Mbamba Bay, kisha ufuate ufuko kaskazini hadi Liuli. Hapo ndipo palipopigwa baadhi ya mizinga ya kwanza ya majini ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Usitarajie jumba la makumbusho. Historia ya Liuli imetawanyika: iko kwenye mwamba, kaburi, ghuba na masimulizi ya wazee. Njia nzuri ya kuikusanya ni jiokeshingi, mchezo wa kusaka makasha yaliyofichwa kwa kufuata namba za GPS.

Kisa cha meli mbili

Meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ililetwa kutoka Ulaya vipande vipande kupitia mito Zambezi na Shire, ikaanza kazi ziwani mwaka 1893. Waingereza nao walikuwa na Gwendolen, iliyoshushwa majini mwaka 1899. Manahodha wao, Berndt na Rhoades, walifahamiana vizuri.

Agosti 1914 Rhoades alitangulia kupata habari za vita. Aliikuta Wissmann Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhafen, imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Akaifyatulia mizinga. Berndt, asiyejua lolote kuhusu vita, alipiga makasia hadi kwenye meli ya mwenzake huku akifoka, akatiwa mbaroni. Mei 1915 Waingereza walirudi kuiharibu zaidi meli ile. Hata hivyo haikufa: ilikuja kukarabatiwa na kupewa jina King George V.

Namna ya kucheza

Mchezo huu ulianza Marekani Mei 2000, mara tu serikali ya huko ilipoacha kuvuruga makusudi usahihi wa GPS kwa raia. Unahitaji simu, ramani uliyopakua kabla ya kuondoka Songea, na chaji ya akiba. Hakikisha kikundi kizima kinatumia mfumo mmoja wa kuandika namba, kwa sababu digrii za desimali zikichanganywa na dakika zitawapeleka kilomita kadhaa pembeni. Simu nayo hukosea kwa mita chache. Ukikaribia mahali, iweke mfukoni utumie macho.

Kama hakuna kasha lililosajiliwa unakokwenda, tengenezeni njia yenu. Mmoja atangulie asubuhi akaweke vikopo vyenye mifuniko inayozuia maji, kila kimoja kikiwa na daftari dogo na penseli. Wino wa kalamu huyeyuka unyevu ukiingia. Kila kituo kiwe na swali ambalo jibu lake linafungua kituo kinachofuata.

Vituo vitatu vya kuanzia

*Jiwe la Pomonda.* Wajerumani waliita bandari hii Sphinxhafen kwa ajili ya mwamba wenye umbo la kukumbusha sanamu maarufu ya Misri. Simameni ufukoni mtafute pembe ambayo umbo hilo linajitokeza, kisha muulize wenyeji wana kisa gani kuhusu jiwe lao. Majibu yote mawili yaandikwe daftarini.

*Misheni ya Anglikana.* Padre W. P. Johnson, aliyefanya kazi kwenye fuko za Nyasa kwa zaidi ya miaka 40, alifia Liuli na kuzikwa hapo. Swali: alifariki mwaka gani? Tarakimu nne za jibu, 1928, zinaweza kufungua kufuli ya namba kwenye kasha la mwisho. Kasha lenyewe likae nje kabisa ya eneo la makaburi.

*Ghuba.* Tazameni ufuko mjiulize: nahodha angepandisha wapi meli ya kutengenezwa, na adui angesimama wapi ili ampige bila kukwama? Hapa ndipo kisa cha 1914 kinapoeleweka kuliko kwenye karatasi. Swali la nyongeza: ni meli gani ya mizigo ya ziwa hili iliyopewa jina la mkoa mliotoka? Ni MV Njombe, iliyozinduliwa mwaka 2017 pamoja na MV Ruvuma.

Adabu na usalama

Anzieni ofisi ya serikali ya kijiji. Mgeni anayechungulia chini ya mawe akiwa na simu mkononi hutiliwa shaka upesi. Msichimbe, msiokote vyuma vya zamani, wala msifiche kitu kanisani au hospitalini. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 2019, kwa hiyo tumieni vikopo. Mkimaliza, ondoeni kila mlichoweka.

Njombe ni baridi ya kuvaa sweta; ziwani ni joto na mbu, basi beba chandarua. Usioge karibu na midomo ya mito, kwani kuna mamba. Upepo wa mwera huchafua ziwa katikati ya mwaka, na mvua kubwa huharibu njia za vumbi kuanzia Novemba. Septemba na Oktoba ndiyo miezi mizuri. Anayetaka kurudi kwa meli kupitia Manda na Lupingu hadi Kyela aulize ratiba bandarini Mbamba Bay, maana hubadilika.

Mwenye siku mbili tu afanye mazoezi kwenye maporomoko ya Ruhuji, Njombe mjini. Safari ya Liuli itengewe siku zisizopungua tano. Mbili kati ya hizo zitaishia barabarani.